Mpasuko Katika Kipindi cha Majaribio

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya pili ya majaribio kwenye duka la vitambaa. Tuko wawili, mwisho wa mwezi anabaki mmoja. Mwenzangu ni Kasuku. Jina nimempa mimi, mwenyewe hajui. Anaongea tangu mlango unapofunguliwa.

Ufunguo wa choo unaning'inia nyuma ya kiti cha Mama Mwenye Duka, umefungwa kwenye rula ya mita nzima ili usipotee. Ukiutaka, unauomba mbele ya wateja, kisha unakatiza duka zima na rula yako mkononi. Siwezi! Kwa hiyo sinywi maji, nakula biskuti tu, najizuia mpaka nyumbani. Mpango mzuri sana.

Jioni hii umeniangusha. Chooni ilikuwa kama natoa vipande vya chupa. Na damu kidogo kwenye karatasi. Nitakufa hata mshahara wa kwanza sijaonja!

Jumatano, 5 Machi

Shangazi, ninayeishi kwake, ameniona nimekaa upande mmoja. Kanibana hadi nikasema. Nilidhani atalia. Akauliza kama ni hilo tu, akanipeleka zahanati.

Muuguzi alinichunguza, mimi nikiisoma kalenda ya ukutani kwa bidii. Ni mpasuko mdogo kwenye njia ya haja kubwa, umeletwa na choo kigumu. Nikauliza upasuaji ni lini. Akacheka hadi akashika meza. Akasema wengi hupona bila kisu: maji kwa wingi, maharage, mboga, matunda, dawa ya kupaka, kukalia beseni la maji ya uvuguvugu, na haja ikija usiizuie. Shangazi aliitikia kila neno kama yuko kwaya. Hilo la mwisho nilijifanya sikulisikia.

Ijumaa, 7 Machi

Beseni! Raha ambayo sikuitarajia. Ila Shangazi hupita dirishani akiuliza, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili, kama nimeshaiva.

Tatizo ni maji ya kunywa. Nimepata dawa yake: nakunywa yote nikirudi kazini, kwa mpigo. Sikulala. Usiku wote njiani, kati ya kitanda na choo.

Dukani nasimama kutwa maana kukaa ni mateso. Mama Mwenye Duka kamwambia Kasuku atazame wenzake wanavyojituma. Kasuku naye akasimama. Na viatu virefu! Nilimwonea huruma. Kidogo.

Jumanne, 18 Machi

Maharage yamejibu. Vibaya mno. Asubuhi, duka limefurika, haja ikanijia. Nikijizuia, nautonesha mpasuko unaoanza kufunga. Nikiomba ufunguo, naumbuka. Nikajizuia. Mteja akaniuliza kama naumwa malaria.

Kasuku akanitazama mara moja tu. Akaenda akachomoa rula, akanisukumia juu ya meza, akaninong'oneza niende haraka, dada, nimepauka kama kitambaa cha bitana. Nikakatiza duka zima. Hakuna aliyegeuka. Hata mmoja! Niliporudi, Mama Mwenye Duka aliuliza tu kama nimefunga mlango, kuku wa jirani wasiingie.

Jioni nzima nimewaza. Jibu nimelipata. Ni hila. Kasuku alitaka nionekane na rula.

Jumatatu, 31 Machi

Nimepona! Muuguzi amesema nisiache maji na mboga, na haja nisiiwekee foleni. Nimemshukuru sana.

Kazi nimepata mimi. Mama Mwenye Duka amesema hajawahi kuona binti wa kusimama kutwa bila kulalamika. Nimeinama kwa unyenyekevu. Sikuona sababu ya kumchosha kwa maelezo.

Kasuku alinikumbatia akiondoka. Akanisihi ninywe maji, maana midomo yangu imekauka. Mpaka dakika ya mwisho, hila!

Sasa mimi ni mwajiriwa kamili. Mtu wa hadhi hii hawezi kuzurura na rula mbele ya wateja. Nimeshapanga. Haja yangu nitaizoesha ratiba: itakuwa inakuja Jumapili, duka likiwa limefungwa.