Dawa Imefika Makote

Leo mdomo wangu umenianika mchana kweupe, mbele ya Makote nzima. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa bodaboda, maana wao wataongeza. Na hili halihitaji kuongezwa.

Kwa wasionijua, mimi ni mwanafunzi wa ufundi kwenye mtambo wa kusafisha maji huku Newala. Mama yangu kawatangazia akina mama wenzake wa kanisani, Masasi nzima, kwamba mwanawe "anatengeneza maji." (Mama, maji katengeneza Mungu. Mimi nakoroga.) Kusema kweli hata kukoroga nakoroga mara chache. Niko kitengo cha tope. Huku juu maji yanapandishwa kwa pampu kutoka bondeni, kwa hiyo hakuna kumwaga ovyo. Hata yale machafu ya kuoshea machujio tunayaacha yatulie bwawani, tope linashuka chini, maji yanarudishwa mwanzo yasafishwe upya. Lile tope linalobaki, mwenyewe ndiye mimi. Nalichota, nalianika, nalisalimia.

Sasa, kitengo hicho cha kifahari kina nafasi moja ya ajira. Msimamizi wetu, Mama Neema, mtu wa Njombe, mama asiyecheka bila sababu ya kiufundi, aliniambia waziwazi: mkaguzi wa chuo akija akinipitisha, nafasi yangu. Akinikataa, narudi Masasi kushona magunia kwenye ghala la baba mdogo, ambaye kila siku ana hadithi ya ujana wake na haijawahi kuwa fupi.

Mkaguzi alikuwa anakuja leo.

Kazi ya leo ilikuwa tenki la Makote. Jana tulilisugua, leo tunalitia dawa. Hapa nisikilizeni vizuri. Sisi kazini tukisema dawa ni klorini. Hakuna anayesema klorini, labda kuwe na mgeni. "Umetia dawa?" "Dawa imekolea?" "Nani kaacha ndoo ya dawa wazi?" Ukikaa mtamboni miezi kadhaa, unasahau kwamba hapa duniani kuna dawa nyingine yoyote.

Dawa ya kuoshea tenki ni kali, siyo ile ya kila siku. Kwa hiyo wananchi waambiwe wasichote maji mpaka kesho. Mama Neema akanipa gari, kipaza sauti na maneno ya kusema: "Tenki linaoshwa. Msichote maji ya bomba mpaka kesho asubuhi."

"Basi?" nikauliza.

"Basi. Usiongeze chumvi."

Jamani, hayo ni maneno ya kumpa mtu mwenye kipaji? Siku ya mkaguzi? Tangazo halina salamu, halina mbwembwe, limekaa kama mtu aliyetoka bafuni bila taulo. Nikaona nilivalishe kidogo. (Hapa ndipo shetani alipopanda gari. Alikaa kiti cha mbele.)

Tukaingia Makote na dereva wetu, Saidi. Nikakohoa, nikafungulia sauti:

"Ndugu wananchi wa Makote! Ile siku mliyoisubiri imefika! Dawa imefika! Narudia, dawa imefika! Leo saa tano kamili, pale kwenye tenki, dawa! Dawa kali, dawa ya uhakika! Safari hii hakuna kaya itakayokosa!"

Halafu, mwishoni kabisa, wakati Saidi ameshakanyaga mafuta, nikamalizia na ile habari ya kutochota maji. Iliishia kwenye vumbi.

Mapokezi yalikuwa ya ajabu. Kwa kawaida gari letu likipita watu wanatupigia kelele, "Maji lini?" Leo wanatupungia. Mama mmoja kapiga vigelegele. Baba mmoja alikuwa anapata uji barazani. Kaweka kikombe chini, kakimbilia ndani. Mwingine kapiga simu palepale, akasema kwa sauti, "Waambie na wa Chilangala!" Hicho ni kijiji cha jirani.

Saidi akaniangalia. "Mbona leo wanatupenda hivi?"

"Ni uwasilishaji, kaka," nikamjibu. "Tatizo siku zote mnatangaza kama mnasoma bili."

Tukafika kwenye tenki. Mama Neema alikuwa ameshayeyusha dawa kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko, tayari kupandishwa juu. Pembeni yake mkaguzi, shati limechomekewa, kiatu kinang'aa kama cha mtu ambaye hajakutana na mchanga wa Makonde. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, bado mdomo wake uko kwenye neno hilo, watu wakaanza kufika.

Walikuja wengi, kwa miguu, kwa baiskeli, kwa pikipiki, wamebeba viroba vitupu. Waliokuja kwa kuchelewa walipanga foleni wenyewe, bila kuambiwa. Mkaguzi macho yalimtoka.

"Kijana, hawa wote wamefuata nini?"

"Dawa, mwalimu. Nimewaalika washuhudie."

"Nimekagua vijana miaka mingi," akasema, "sijawahi kuona wananchi wakiacha shamba kuja kuangalia klorini. Huu ndio ushirikishwaji."

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. (Unyenyekevu wa uongo mtupu. Moyoni nilikuwa nimeshanunua kitanda cha mshahara wa kwanza.) Mama Neema alikuwa anaangalia vile viroba.

Mkaguzi akaniambia niwaelimishe. Nikapanda juu ya tofali.

"Dawa hii ni kali," nikaanza.

"Eee!" wakaitikia.

"Ukizidisha kipimo, unaunguza!"

"Kweli kabisa! Mwaka jana tuliunguza!"

Nikashangaa kidogo, nikaendelea. "Lazima kuvaa barakoa, na upepo ukiwa mkali usiguse!"

Wakapiga makofi. Mzee mmoja aliyesimama mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, shida yetu kipimo. Nti nkubwa unaupa kiasi gani?"

Mimi, kwa masikio yangu yaliyojaa sifa, nikasikia "ntu nkubwa." Mtu mkubwa.

"Mzee wangu, mtu mkubwa hapewi mkononi. Dawa yote itapita kwenye bomba."

"Mabomba tunayo!" wakajibu kwa pamoja. Na wakayanyanyua juu.

Ndugu zangu. Mabomba ya kupulizia. Yale ya kubeba mgongoni. Nyuma yao kijana mmoja kainua mashine nzima ya injini, ile ya kupulizia mikorosho.

Hapo ndipo akili ikarudi, imechelewa. Yule mzee aliuliza mti, siyo mtu. Huu ni msimu wa maua. Ubwiriunga, ule ugonjwa unaokausha maua ya mikorosho, umeingia mashambani, kila mkulima anasubiri salfa ya kuupulizia kama anavyosubiri matokeo ya mtoto wake. Na huku kwetu, msimu huu, mtu akisema "dawa imefika" hahitaji kumaliza. Dawa ni salfa! Na mimi siyo mgeni wa kutoka mbali. Nimezaliwa Masasi. Nimesomeshwa na mkorosho. Sare yangu ya shule ilitoka kwenye mkorosho. Nimekaa na tope miezi michache tu, nimesahau kwetu.

Nilikuwa bado naangalia tofali, natamani linimeze, nikasikia sauti kutoka mbele ya foleni.

"Mume wangu!"

Bibi yangu mzaa mama. Anaishi hukohuko Makote. Alikuwa wa kwanza kwenye mstari, na viroba viwili.

"Nimekusikia kwenye gari nikasema, ile sauti ya mume wangu Edmundi! Nikawaambia na majirani, leo tupo wa kwanza, mwenye dawa wa kwetu!" Akageukia watu. "Si niliwaambia?"

"Ulituambia, bibi!"

Mama Neema akanisogelea. Aliongea polepole, na hapo ndipo nilipoogopa. "Edmundi. Ulitangaza nini?"

Nikafungua mdomo. Sikuhitaji. Watoto watatu waliokuwa juu ya ukuta wakalirudia tangazo langu neno kwa neno, na sauti yangu waliipata, hata kile kikohozi cha mwanzo. "Ile siku mliyoisubiri imefika! Safari hii hakuna kaya itakayokosa!" Hakuna hata mmoja aliyekumbuka habari ya maji.

Mkaguzi aliondoa mkono wake begani kwangu. Sikujua hata aliuweka lini.

"Ndugu wananchi," nikasema, sauti imebaki kijiko kimoja, "hii siyo salfa. Ni dawa ya maji. Salfa haipo."

Baba mmoja wa Chilangala, kaja na pikipiki ya kukodi, akasema, "Haipo mnaificha. Na lile pipa je?"

"Lile ni la maji!"

"Salfa ya maji? Basi hiyo ndiyo ya kisasa. Tupeni hiyohiyo!"

Watu wakaanza kulisogelea pipa. Wanne wameshalishika masikio. Nikafikiria ile dawa ikipulizwa kwenye maua, mikorosho ya watu ikiungua, bibi yangu akiwemo. Na kwa mara ya kwanza leo nikafanya jambo bila kuongea. Nikakimbia, nikalikalia pipa.

Lilikuwa wazo zuri. Mfuniko haukukubaliana nalo.

Nilizama mpaka kiunoni, miguu na mabuti juu, nimekaa ndani ya dawa kali, ya uhakika. Walionitoa ni walewale wanne waliotaka kuliiba pipa.

"Avuliwe! Maji! Maji mengi, haraka!" Mama Neema alipiga kelele. "Ngozi itaungua!"

Maji. Tulikuwa chini ya tenki kubwa kuliko yote katani, na hatukuwa na tone, maana tumelifunga wenyewe. Mama wa nyumba ya jirani ndiye aliyefungua kisima chake cha maji ya mvua, akaleta ndoo, na nyingine, na nyingine. Maji ya mvua anayoyatunza tangu masika, yananiosha mimi, mtaalamu wa maji. Naomba mlione hilo vizuri, msilipite haraka.

Na aliyenimwagia alikuwa nani? Bibi. Aliwaondoa wanaume wote. "Tokeni! Huyu nimemwogesha toka ana kitovu kibichi!" Nimebaki na kaptula ya ndani (ya njano, msiniulize), nimechuchumaa, bibi ananisugua mgongo kwa kipande cha kiroba, foleni nzima inaangalia. Wala haikuvunjika, ile foleni. Walisogea tu waone vizuri.

"Na nyuma ya masikio," bibi akasema. "Inaelekea ndiko kulikoziba."

Hata mkaguzi alicheka. Mama Neema ndiye hakucheka, akawa ananikagua ngozi kama anavyokagua chujio, mpaka aliporidhika kwamba nimepona na muwasho tu. Kisha akaniokotea ovaroli langu la bluu, limeshasuuzwa, nivae.

Lilikuwa la bluu mbele. Nyuma dawa ilikuwa imekula rangi, duara mbili nyeupe pee, zimekaa palepale mnapofikiria. Nilipogeuka kuwaaga watu ndipo wakaziona, na kicheko kile nadhani Saidi alikisikia ndani ya gari na vioo vimefungwa.

Yule baba wa Chilangala hakucheka. Aliangalia zile duara, akaangalia bomba lake, akatikisa kichwa. "Hii ingeingia kwenye nkorosho wangu?" Akawasha pikipiki, akaondoka. Bibi naye akakunja viroba vyake, akanishika mkono. Alisema alikuwa na furaha tangu asubuhi kwa sababu ya sauti yangu, na bado anayo kidogo. Hapo nilitaka kulia. Nilimwambia salfa ikija nitambebea mwenyewe mpaka shambani.

Tulichanganya dawa upya, tukapandisha, tukatia. Jioni tukapita kijijini mimi, Mama Neema na mkaguzi, kuangalia kama kuna aliyechota maji ya bomba. Hakuna! Kila mlango tuliobisha, jibu lilikuwa moja. "Sisi tuyaguse yale maji? Tumeona yalivyomfanya yule kijana!"

Mkaguzi alirudi kwenye gari anawaza. Nilisimama mbele yake kama niko mahakamani.

"Utangazaji, umefeli," akasema. "Usalama kazini, sitaki hata kuuzungumzia. Lakini lengo lilikuwa wananchi wasichote, na hakuna aliyechota. Tena ulililinda pipa kwa mwili wako. Nakupitisha, Mungu anisamehe."

Nikamgeukia Mama Neema. Nafasi ya tope je?

"Unaanza Jumatatu," akasema. "Wiki hiyohiyo tunatia dawa tenki la Chilangala. Kipaza sauti kitabaki ofisini. Wewe utapita tu kijijini na hilo ovaroli, ukifika kwenye kila baraza unaamkia wazee, halafu unageuka."

Kwa hiyo nimeajiriwa, jamani. Wa kunipongeza anipongeze akiwa mbele yangu.