Mvua ya Karani Rehani

Jumatatu, 2 Desemba 1912
Bwana Mkubwa wa boma, Mdachi wa serikali ya Kijerumani, kaenda Kondoa. Kaniachia daftari, kopo la kupimia mvua, na barometa. Barometa ni kama saa ya ukutani, ila mshale wake unasema hewa. Ukishuka, tufani yaja. Amri: nisome asubuhi na jioni, niandike, nisiguse. Nimegusa mara mbili tu.
Hatimaye habari za mvua zitaulizwa kwa mtu mwenye elimu! Si kwa Methusela. Huyu ni mwalimu wa misheni kule Mkonze, rika langu, na hutabiri kwa goti. Goti! Mwaka jana liliuma, mvua ikanyesha. Tangu hapo watu hulijulia hali goti kabla ya mwenyewe. Hata mke wangu Adija.

Jumanne, 3 Desemba
Mshale umeshuka! Nimetangaza sokoni: Alhamisi alasiri, radi, na upepo wa kung'oa milango. Methusela akapapasa goti mbele za watu, akasema halina habari hiyo. Labda Jumatatu ijayo. Watu wakaguna kwa heshima. Inaudhi! Tumewekeana dau: atakayeshindwa atamwamkia mwenzake shikamoo mwezi mzima, hadharani.
Dorkasi, mjane jirani yetu, akaniuliza pembeni kama apande. Ana kibuyu kimoja tu cha mbegu ya uwele. Nikamwambia, "Panda, dada. Serikali imesema."

Alhamisi, 5 Desemba
Saa tisa wingu likapanda kutoka mashariki. Jeusi, zito, zuri kabisa. Likanguruma. Nikasimama katikati ya soko bila mwavuli, makusudi. Wingu likatupita kama mgeni aliyekosea nyumba. Tone moja! Lilimwangukia Methusela kwenye pua, akalifuta polepole huku akinitazama.
Nimesema shikamoo. Kwa sauti ya chini. Kadai hakusikia.

Ijumaa, 6 Desemba
Kanga wameshuka shambani kwa Dorkasi na kufukua mbegu zote. Kaja bomani, jembe begani. Hakupiga kelele, heri angepiga. Aliuliza tu, "Sasa watoto wangu watakula mshale?" Nimemchotea mbegu kutoka kihenge chetu. Adija hajui bado.
Pia nimepata akili. Bwana anarudi kesho, na daftari lenye utabiri wangu bila mvua yenyewe litaniumbua. Nikamimina kata ya maji ndani ya kopo, nikapima kwa uaminifu: milimita thelathini na moja. Nikaandika penye Alhamisi. Basi, kwa serikali, mvua ilinyesha! Nikamwonyesha Methusela. Akauliza ni nani aliyelowa. Mtu mwenye mawazo mafupi sana.

Jumamosi, 7 Desemba
Bwana kafika, kasoma, kafurahi. Maadamu mvua zimeanza, kaamuru tangi la boma limwagwe lote lisuguliwe. Mvua ijayo italijaza. Akiba yetu yote ya maji! Nikapiga saluti. Maji yakatiririka barabarani, mbuzi wakanywa kama wafalme.

Jumapili, 8 Desemba
Boma halina maji. Makarani tumeamriwa kuchota kisimani pamoja na wanawake. Adija kagundua kihenge kimepungua, kaninyima ndoo zake zote. Nimechota kwa kopo la mvua. Safari kumi na tisa! Dorkasi akawaambia wenzake wanipishe mbele, karani ana haraka, ana mvua ya kuandika. Walicheka mpaka kamba ya kisima ikawaponyoka. Nani aliingia kisimani kuitoa? Mimi.

Jumatatu, 9 Desemba
Goti!
Tufani imepiga saa nane mchana. Radi imepasua mlingoti wa bendera. Pembe moja ya paa la tembe yetu imeporomoka juu ya unga. Korongo limefurika, watu wanacheza matopeni, Dorkasi anapanda huku anaimba. Kafika Methusela, kasimama mlangoni kwangu na kuuliza kama naona mawingu. Shikamoo nyingine.
Na kopo la serikali? Jikoni kwetu, tangu nilipolichotea maji jana. Adija kaweka kunde. Kwa hiyo daftari lasema: Alhamisi, thelathini na moja, leo, sifuri. Bwana kaingia masharubu yakichuruzika, kasoma ile sifuri. Kisha kaniuliza kwa upole kama nimewahi kuona mvua. Upole huo umeniuma kuliko matusi. Kopo na barometa kapewa Methusela, atakuja kila siku kutoka Mkonze. Kwa mguu wenye goti lile!

Jumanne, 10 Desemba
Wamenivua cheo, hawakunivua elimu. Nimechungulia barometa dirishani. Mshale umepanda. Au umeshuka, kioo kina ukungu. Umepanda. Nimetangaza sokoni: jua kali siku nne. Methusela anasema leo leo tutalowa. Wivu tu. Dorkasi nilimwambia bure, hakuniuliza. Aliendelea kuzungushia shamba mfereji.
Nimeanika magodoro yote mawili nje, nikamwambia Adija tundu la paa litazibwa Ijumaa, hakuna haraka. Sasa hivi pamesikika ngurumo. Nikamwambia ni gari moshi. Akauliza tangu lini gari moshi likapita juu ya paa letu.
Nikamjibu kwamba Wadachi hawashindwi na kitu.