Kinga Dhidi ya Mashemeji

Mteremko aliiona biashara yake mpya akiwa kwa fundi cherehani, akisubiri suruali yake itiwe kiraka mahali ambapo adabu inatukataza kupataja. Fundi, mama wa makamo mwenye pini mdomoni, alikuwa akilalamika.

"Shemeji yangu kaja kwa siku mbili, huu mwezi wa pili. Jana kaniuliza kama naweza kuhamisha cherehani, eti inampigia kelele."

"Wako mmoja," kinyozi wa mlango wa pili akadakia. "Wangu watatu, na wanakula kama wameajiriwa."

Kiganja cha Mteremko kikaanza kumwasha. Kabla ya adhuhuri alikuwa anafungua ukurasa wa malipo mtandaoni, wa kuuza kinga dhidi ya mashemeji. Mteja analipa kwa simu, shemeji haji. Asipokuja, kinga imefanya kazi; akija, basi bila kinga wangekuja wawili. Biashara isiyo na ghala wala jasho, na jasho Mteremko hakulipenda tangu utotoni. Maishani alitaka kitu kimoja tu: godoro la futi sita kwa sita, alale katikati, peke yake, mpaka saa sita mchana.

Ukurasa ukauliza kipindi cha malipo. Akaandika miaka kumi, walipe yote mapema. Ukajibu kwa maandishi mekundu: kipindi kisizidi mwaka mmoja. Akajaribu miezi mia na ishirini. Kisizidi mwaka mmoja. Akajaribu siku elfu tatu mia sita na hamsini, maana mjanja hakubali kushindwa na kisanduku cha kujaza. Kisanduku hakikuwa na haya.

"Haya, mwaka!" akasonya.

Chini kulikuwa na onyo: mteja akishalipa, kipindi hakibadilishwi wala maelezo hayafutwi. Hakulisoma. Kwenye maelezo aliandika, "Shemeji akija, tutapokea malalamiko," lakini nafasi ikaisha na neno la mwisho likakatwa. Hilo nalo hakuliona, alikuwa anatafuta bei za magodoro.

Fundi alisoma. Mtu anayeishi kwa kupima viuno hapitwi na upungufu. Akasafisha miwani, akasoma tena, akalipa, na akamlipia dada yake. Kinyozi akafuata, kisha jengo zima.

Godoro liliingia Jumatatu. Jumanne asubuhi mlango ukagongwa. Nje walisimama watu saba na mabegi.

"Mnamtafuta nani?"

"Wewe, shemeji," akasema mrefu wao, akipita chini ya kwapa lake. "Fundi katuelekeza."

Mteremko akatoka mbio hadi kwa fundi, mkono umeshika kiraka.

"Mama, kuna kosa!"

"Kosa gani, mwanangu? Umeandika mwenyewe." Fundi akamwonyesha simu. "'Shemeji akija, tutapokea.' Basi wamekuja."

"Nilimaanisha malalamiko!"

"Na hayo utayapokea. Yule mrefu mto wake lazima uwe laini."

"Basi nawarudishia hela zenu!"

"Rudisha."

Mteremko akapapasa mfuko, akakumbuka hela zimegeuka godoro.

Alirudi chumbani akanyata kati ya jozi saba za viatu. Sita walikuwa pembeni mwa godoro. Mrefu alikuwa katikati.

"Jamani, mashemeji zangu," Mteremko akasema, machozi yakimlenga kwelikweli, "mtakaa mpaka lini?"

Mrefu akainua simu, akasogeza ukurasa taratibu kwa kidole gumba.

"Mwaka mmoja tu," akasoma, akageukia upande wa pili. "Wala usijali, shemeji. Sisi si watu wa kuzidisha."