Paa la Vipele la Mwalimu Mektilda

Clemence Ndunguru hakuwa injinia, lakini mjini Mbinga alikuwa ameitwa Injinia kwa miaka mingi kiasi kwamba mtu akimwita kwa jina la ubatizo alichelewa kuitika. Alikuwa na kofia ngumu ya njano, kalamu tatu mfukoni na simu ambayo kioo chake hakijapasuka. Kwa vifaa hivyo alishawauzia wakulima dawa ya kuifanya kahawa ing'ae, ambayo ilikuwa maji na sabuni ya unga, na alishamkodishia mhubiri mmoja mgeni uwanja wa mkutano ambao haukuwa wake. Mwenyewe hakujihesabu kuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba mali ikikaa kwa mtu asiyejua thamani yake imepotea, na kwamba yeye ameitwa kuitafutia mwenye kuijua.

Asubuhi moja alikuwa ameegemea kaunta ya duka la vipuri nyuma ya stendi, akisubiri mtu yeyote mwenye uwezo wa kumnunulia chai, ndipo akaingia mama mmoja mtu mzima, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Alimwuliza muuzaji kama anamfahamu fundi wa rangi ya vipele.

Muuzaji hakuelewa, kwa hiyo mama akaeleza. Marehemu mumewe, Xaveri, alikuwa fundi wa mitambo ya barabara, na mhandisi mmoja wa Kijerumani alipomaliza mkataba alimwachia gari lake la michezo, la viti viwili, fupi hata mtu akilipita inabidi ainame kumsalimia dereva. Paa lake linabanduliwa. Unafungua komeo mbili, unalinyanyua, unalilaza nyuma, na unaendesha huku upepo ukikupiga. Ni paa la faiba, jeusi, na juu limejaa vipele vidogo kama ganda la chungwa. Ndivyo lilivyotoka kiwandani. Sasa jua la ziwa limelibabua, rangi inabanduka kwa vipande, na pembeni limepasuka. Amekwenda kwa mafundi wanne. Wote wanataka kulipiga msasa liwe laini kama sahani.

“Laini ndiyo nzuri, mama,” muuzaji alisema. “Vipere vya nini?”

“Vipele,” mama alimsahihisha.

Hapo Clemence akavua kofia. “Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Umejuaje kuwa mimi ni mwalimu?”

Clemence alijibu kwamba mtu aliyesoma humtambua aliyemsomesha mwenzake. Kisha akajitambulisha, na kwa bahati ambayo haijawahi kumtokea mteja mwingine yeyote, ikaonekana kwamba Injinia alikuwa amesomea vipele. Miaka miwili, Makambako, kwenye tanuri maalumu. Alieleza kwamba vipele havipakwi bali huoteshwa kwa moto wa kipimo, na ndiyo maana mafundi wa hapa hawaviwezi. Mwalimu Mektilda alimsikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani, akamtazama vizuri, akasema kesho ateremke Mbamba Bay alione paa lenyewe.

Clemence akateremka. Nyumba ya Mwalimu ilikuwa juu kidogo ya ziwa, na ndani ya banda la mabati gari lilikuwa limekaa chini ya shuka kama mgonjwa. Alilizunguka mara mbili akitikisa kichwa kwa huzuni, kama alivyowaona madaktari wakifanya. Baada ya hapo alikaribishwa ugali na mbasa, samaki wa ziwa hilo, wa kuchoma, na katikati ya kula Mwalimu akaanza kulalamika. Kuna mtu wa Tanga, alisema, anaitwa Bwana Iddy, mpenzi wa magari ya zamani. Kila mwezi anapiga simu akitaka auziwe paa peke yake, maana mapaa hayo hayapatikani tena na wenye magari wanayasaka nchi nzima. Anataja bei za ajabu. Yeye amekataa na amechoka naye.

“Namba yake hiyo hapo,” alisema, akionyesha karatasi chini ya sahani ya chumvi. “Nitaichana siku moja.” Akainuka kwenda jikoni kuleta maji ya kunawa, na akakawia huko.

Clemence alikuwa ameshaiandika kiganjani kabla Mwalimu hajafika mlangoni.

Waliagana vizuri. Kazi ingechukua wiki tatu, na Mwalimu angelipa atakapoliona paa limerudi limekamilika. Clemence hakudai chochote cha kutangulizia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Alisema uaminifu ndio nguzo ya biashara. Paa likaviringishwa kwenye blanketi, likafungwa juu ya gari la abiria na kupandishwa milima hadi Mbinga. Makambako halikwenda. Lilikwenda kijijini Ruanda, nje ya mji, kwa shangazi yake Tadea, likawekwa kwenye ghala la kahawa.

Jioni ile ile alimpigia Bwana Iddy. Sauti iliyopokea ilikuwa ya taratibu, yenye adabu za pwani, ikamwulizia hali, na ya nyumbani, na ya watoto ambao Clemence hakuwa nao. Ndiyo, angelinunua. Akataja bei, na Clemence akakaa juu ya gunia. Lakini kulikuwa na sharti dogo. Yeye hununua paa likiwa katika hali yake ya kiwandani, vipele vyote mahali pake. Lilivyo sasa, kwa picha ambazo Clemence alitangulia kumtumia, asingelichukua hata kufunikia banda la kuku.

“Huko kwenu hakuna mtu wa kulirudishia?” Bwana Iddy aliuliza.

“Yupo,” Clemence alisema. “Mimi.”

Alidhani itakuwa kazi ya alasiri moja na kopo la kupuliza. Aliifanya alasiri ya kesho yake, akapiga picha, akatuma. Jibu lilikuja kabla rangi haijakauka: *Rudia.* Chini yake yakafuata maelekezo marefu, yenye nukta na mikato yote, ambayo Clemence aliyachukulia kuwa ni ustaarabu wa Tanga. Kwanza mpira wa pembeni utolewe, usikatwe. Rangi ya zamani itolewe yote kwa msasa wa maji, kwa mkono. Moto usitumike hata kidogo, maana faiba ikipata joto hupinda na paa halitafunga tena.

Siku sita alisugua. Aliinama juu ya lile paa nyuma ya nyumba, katikati ya maturubai ya kahawa, mpaka vidole vikapoteza alama zake na simu ikakataa kumtambua kwa dole gumba. Shangazi Tadea alimletea uji na kumtazama kwa wasiwasi.

“Umeajiriwa?” aliuliza.

“Hapana, Shangazi.”

“Basi unaumwa.”

Ufa wa pembeni ulihitaji kitambaa cha faiba na gundi yake, na Clemence aliuza redio yake kuvipata. Alipoweka puti ya kuzibia mabonde akaisawazisha, akatuma picha, aliambiwa arudie. Akarudia. Ilipofika prayma, ile rangi ya kutangulizia, aliambiwa ni nzito. Akasugua, akapaka upya. Kila Jumapili baada ya misa Mwalimu naye alipiga simu kuulizia maendeleo ya tanuri, na Clemence, mikono ikiwa myeupe kwa vumbi la msasa, alilazimika kusimulia moto ambao haupo.

“Nyuzi joto ngapi?” Mwalimu aliuliza.

“Mia mbili na arobaini, Mwalimu.”

“Jumapili iliyopita ulisema mia na themanini.”

“Tunapandisha polepole.”

Vipele vyenyewe vilimtesa kuliko yote. Maelekezo yalisema rangi iwe nzito, upepo wa kompresa uwe mdogo, na mpulizaji asimame mbali, ili rangi itue kwa matone badala ya kuenea. Ajaribu kwanza kwenye kitu kingine. Clemence alijaribu kwenye mifuniko ya ndoo, kwenye mlango wa choo na kwenye jembe la Shangazi. Vilitoka vikubwa kama maharage, kisha vidogo visivyoonekana, kisha vikatiririka. Siku ya nne, kwenye ubavu wa pipa la maji, vilitoka sawasawa. Alisimama akalitazama lile pipa muda mrefu. Kisha akaenda kumwita Shangazi aje aone, na Shangazi akaja, akapapasa, akasema ni kama chungwa. Clemence alisikia furaha ambayo hakuijua ilikotoka, kwa kuwa hakuna mtu aliyekuwa ametapeliwa.

Picha ya mwisho ilijibiwa hivi: *Vema.* Bwana Iddy alikuwa na safari ya Mbamba Bay kikazi. Wakutane Jumamosi, saa nne asubuhi, karibu na gati.

Clemence hakupenda mahali penyewe, kwa sababu palikuwa chini kidogo tu ya nyumba ya Mwalimu. Lakini Mwalimu alikuwa ameshamwambia kwamba Jumamosi hiyo atakuwa Mbaha kwenye harusi, na bei ilikuwa bei. Akaliviringisha paa kwenye blanketi lile lile na kuteremka nalo, njia nzima mkono juu yake kama aliyebeba mtoto.

Bwana Iddy alikuwa kijana mrefu, na kitambulisho cha utumishi kilining'inia shingoni. Alilifunua paa, akalipitishia vidole huku amefumba macho, akasema ni kazi safi. Limebaki jambo moja. Lazima lijaribiwe kwenye gari.

“Gari gani?” Clemence aliuliza.

Wakati huo huo gari fupi, jekundu, lisilo na paa, lilikuwa linateremka barabarani taratibu. Aliyeliendesha alikuwa Mwalimu Mektilda, kitenge kimefungwa kichwani kwa ajili ya upepo. Alisimama mbele yao, akazima injini na kuteremka.

“Shikamoo, Mwalimu,” Clemence alisema, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kusema.

“Marahaba, Injinia. Karibu.”

Mwalimu na Iddy walilinyanyua paa pande mbili wakaliweka. Komeo ya kwanza ikafunga, na ya pili ikafunga. Mwalimu alizunguka gari zima akitafuta ule ufa kwa kiganja, asiuone.

Clemence alijikohoza, akaanza kueleza kwamba ndiyo kwanza ametoka Makambako na alikuwa njiani kumpelekea.

“Huyu ni mpangaji wangu,” Mwalimu alisema. “Mpima ardhi wa hapa. Kwao kweli ni Tanga. Ujumbe wako wote anao kwenye simu.”

Iddy aliuliza kwa upole kama Injinia angependa waende pamoja kituoni akautolee maelezo. Clemence alisema isingekuwa lazima.

“Kwa nini mimi, Mwalimu?” aliuliza.

“Mafundi wanne waliniambia haiwezekani. Maana yake hawataki kukaa wiki tatu na msasa mkononi kwa ajili ya paa la mtu mwingine. Nikaona nimpate mtu atakayedhani ni lake.” Akapapasa paa tena. “Daftari la Xaveri lilikuwa na maelekezo yote. Mikono ndiyo sikuwa nayo. Na umefanya vizuri sana, sikutegemea.”

Akampa mbasa wawili wa kuchoma kwenye gazeti, akaingia ndani na mpangaji wake, na wakaondoka. Clemence alilisindikiza gari kwa macho mpaka likapotea konani. Alijaribu kukasirika. Kilichomjia badala yake ni kwamba kona ya nyuma ya kushoto ya lile paa, ile iliyomlia siku mbili, ilikuwa inaonekana vizuri zaidi juani kuliko ghalani.

Mwanamume mmoja mwenye boti ya injini alikuwa amesimama pale tangu mwanzo. Alisogea.

“Wewe ndiye uliyepaka lile?”

“Ndiyo.”

“Boti yangu ina kibanda juu, kimebabuka hivyo hivyo. Kesho kutwa unaweza kunimalizia?”

Clemence alifungua mdomo, na yaliyotoka hakuyapanga. Alisema hapana, ni wiki tatu. Rangi ya zamani itatolewa kwa mkono, kwa msasa wa maji. Siku zenye unyevu hapulizi. Vipele vitajaribiwa kwanza kwenye pipa, na kama havikukaa vizuri atarudia.

Yule bwana alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu.

“Wiki tatu, kibanda cha boti,” alisema. “Nyie matapeli wa Mbinga mnadhani sisi wa huku chini hatujasoma.” Akamgeuzia mgongo, akaenda zake kwenye boti.