Filimbi na Wakwe wa Ng'ambo ya Reli

Jumapili, 3 Machi

Tumefungwa tena. Safari hii na timu ya hospitali, ambao nusu yao walikuwa wametoka zamu. Mtu anapiga miayo, anapiga mpira, anapiga miayo tena. Aibu gani hii!

Na besiboli yenyewe ni mchezo rahisi. Huyu anarusha, yule anapiga kwa gongo, kisha anakimbia vituo vinne mpaka arudi alipoanzia, huo ni mzunguko mmoja. Wachezaji wangu kuanzia wanajua. Hapo katikati ndipo hawapajui.

Mkutano ukafanyika palepale uwanjani. Fundi cherehani wa mtaa wetu akasimama, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama nyoka aliyeshiba. Akasema timu inatakiwa ijengwe upya. Vijana waachwe wakue, kila mtu awekwe mahali anapopaweza, tujifunze kudaka kila jioni, tuvumilie msimu mzima. Msimu mzima! Subira huvuta heri, sikatai, ila huivuta kwa kamba iliyooza. Nikamwambia timu si suruali, haipunguzwi kiuno. Watu wakacheka sana. Kisha wakapiga kura upande wake, wakiwa bado wanacheka.

Uamuzi: Jumapili ijayo tunacheza na timu ya mtaa wa Ng'ambo ya Reli. Tukifungwa, filimbi ya ukocha naivua mimi, anaivaa yeye.

Nimerudi nayo nyumbani nimeifumbata. Nimechora mabango ya maduka maisha yangu yote, na tangu nistaafu hakuna anayenisikiliza. Nikianza kusema, watu wanaongeza sauti ya redio. Lakini nikipuliza filimbi hii, hata mbwa anageuka. Siitoi.

Jumatatu, 4 Machi

Mama watoto anasema timu itapona ikitolewa mtu mmoja tu. Nikamuuliza nani. Akaniambia nitafakari wakati nanyoa ndevu, pale mbele ya kioo, jibu litanijia lenyewe.

Nimenyoa. Nimetafakari. Nadhani ni yule anayecheza kushoto, mwenye matege.

Jumatano, 6 Machi

Siku kubwa! Binti yangu wa kwanza kaja kutusalimia pamoja na mumewe. Huyu mkwe wangu ndiye mrushaji wa Ng'ambo. Wanamwita Kombora. Kazi yake kupakia simenti, mkono kama winchi. Mpira wake huuoni. Unasikia tu kitu kimepita na mdakaji analia.

Nikaona nimpeleleze. Nikamwomba anirushie mipira miwili mitatu uani, nijinyooshe viungo. Akaushika mpira. Akaniangalia. Mabega yakashuka. Akanirushia taratibu, kama mtu anayekukabidhi mtoto mchanga. Nikaubamiza mpaka ukaangusha sufuria za mama watoto.

Nikamwambia arushe kiume. Akasema samahani baba, mkono unakataa. Akinipasua mbavu, usiku atalala wapi?

Wameondoka. Nikaenda chooni kukaa. Mawazo yangu yote ya maana nimeyapatia chooni. Shuleni sikupata hata moja, na nilifika darasa la sita.

Wazo ni hili. Ng'ambo ya Reli wametuolea mabinti tangu reli haijawekwa. Kila mchezaji wao ana mkwe mtaani kwetu. Na nani duniani atamtia mkwewe aibu hadharani? Kwa hiyo timu haijengwi kwa misuli wala mazoezi. Inajengwa kwa ukwe!

Nikatoka nacheka peke yangu. Mama watoto akauliza kama tumbo limetulia.

Alhamisi, 7 Machi

Usajili. Nimeanza na kinyozi. Binti yake kaolewa na mdakaji wao. Kinyozi ana kiuno kibovu, akiinama lazima ainuliwe na wawili. Nikamwambia hatainama. Akakubali, kwa sharti avae kofia yake mwenyewe.

Kisha mama wa mikate. Huyu ni mama mkwe wa mpigaji wao hatari, jitu linaloitwa Tingatinga. Akaniuliza besiboli ni kitu gani. Nikamweleza. Akasema mbona kama ujinga. Nikamweleza tena, kwa utamu zaidi, nikanunua na mkate. Atakuwa mrushaji wetu. Mwanamke aliyekanda unga miaka yote hiyo hawezi kukosa mkono.

Hadi jioni nimejaza timu nzima, wakwe watupu. Kwa umri wetu tukijumlishwa tungemkuta Nuhu anatafuta mbao.

Kazi ngumu ilikuwa Chuma, fundi baiskeli, mrushaji wetu wa zamani. Kijana ana mkono mzuri, hilo sifichi. Akauliza amekosa nini. Nikamweleza kwa upole kwamba hana mkwe Ng'ambo. Akasema hajaoa popote. Nikamwambia ndiyo shida yenyewe, na kama anaitaka nafasi yake basi aoe kabla ya Jumapili. Hakucheka. Vijana wa siku hizi hawana utani.

Jumamosi, 9 Machi

Fundi cherehani kawaokota wote niliowaacha. Anawafundisha nyuma ya duka lake. Nimepita pale, kwa bahati tu, mara nne. Wanadaka. Wanadaka mno. Mtu anaweza kuugua macho.

Ikanibidi niingie, maana jezi ya mama wa mikate inabana na mwenye cherehani ni yeye. Akapima, akaandika, sindano mdomoni. Akauliza mama huyu atakimbiaje. Nikamjibu hatakimbia, ataheshimiwa. Akatoa sindano mdomoni. Akauliza: sawa, wakirusha wao wataona haya. Je, zamu yao ya kupiga ikifika, sisi tukiwa ndio tunarusha?

Nikamwambia ashone nguo.

Swali la kipuuzi. Limenikaa kooni mpaka sasa kama mwiba wa samaki.

Jumapili, 10 Machi

Naandika mambo yalivyokuwa, bila chumvi.

Tulianza sisi kupiga. Nilitangulia mwenyewe. Kombora aliponiona na gongo alivua kofia, akaja kutoka kule anakorushia mpaka kwangu, akanipa shikamoo kwa mikono miwili. Marahaba. Akauliza goti. Nikamwambia goti linasumbua asubuhi. Akasikitika. Mwamuzi naye akasikitika, kwa sababu nyingine. Kisha Kombora akarudi, akanirushia mpira laini kama yai. Nikapiga. Nikaenda kituo cha kwanza kwa kutembea, mikono nyuma, kama mwenye shamba. Nilipofika nikakuta Tingatinga kaniwekea kiti.

Kinyozi hivyo hivyo. Mkwewe mdakaji ndiye aliyemwinua. Mama wa mikate alipigiwa makofi na timu zote mbili, akazunguka vituo vyote akisimama kila kimoja kuuliza hali za nyumbani. Mashabiki wa Ng'ambo wakapiga kelele kwamba huu si mchezo, ni kuposa! Mwamuzi akapekua kijitabu chake. Hakuna kanuni inayokataza salamu. Nikapuliza filimbi kwa furaha. Nilimwona fundi cherehani kakaa kwenye benchi na Chuma na wale vijana wake. Nikawapungia.

Kisha zamu ikageuka.

Mama wa mikate akashika mpira. Akaja Tingatinga. Akainamisha kichwa, shikamoo mama. Mama akanigeukia mimi, uso umelegea. Akasema haiwezekani. Huyu ndiye baba wa wajukuu zake. Watoto wenyewe wale pale juu ya ukuta wanamwangalia baba yao. Amkoseshe mpira mara tatu atolewe, leo wakale wapi, wamwite nani bibi? Nikamnong'oneza arushe kwa ajili ya mtaa. Akanijibu mtaa haumletei maji akiugua.

Akamrushia yai. Tingatinga akaupeleka nje ya ukuta. Akarudi mbio kuomba radhi. Akaja mwingine: yai, ukuta, samahani mama. Na mwingine. Mipira ikiokotwa kule nje, inarudi na salamu. Mpira mmoja ulimpita kinyozi miguuni. Akauangalia tu, kama basi lisilo lake.

Hata hivyo tulikuwa tumejilimbikizia nyingi mwanzoni. Mpaka mpigaji wao wa mwisho tunaongoza kwa mzunguko mmoja. Wenzake wawili wako vituoni, wanasubiri kurudi. Na huyo wa mwisho ni nani? Kombora.

Akapiga. Na mpira, kwa utukutu wake, ukabingirika mpaka kituo cha kwanza, ambako nilijipanga mimi kwa sababu ya kivuli. Ukasimama kwenye kiatu changu. Nikauokota. Naye anakuja, mbio, vumbi. Kumgusa tu! Nimguse kwa mpira, ametoka, tumeshinda, filimbi ni yangu hadi kaburini.

Kombora akaona mpira mkononi mwangu. Akasimama hatua moja mbele yangu. Hakukwepa. Akasema polepole, anahema, kwamba nikimgusa ndiyo basi, ila anatii, niamue mimi.

Nikainua mkono. Nikasikia sauti ya binti yangu kutoka kwa mashabiki. Hakusema mengi. Alisema baba. Vile alivyokuwa akiita alipokuwa mdogo, akikwama juu ya ngazi yangu ya kuchorea mabango.

Jua liliniingia machoni. Yaani kivulini pale, lakini jua hupenya. Nikajikuta nimesogea pembeni. Inasemekana nilimwambia pita, mwanangu. Sikumbuki. Akapita. Wenzake wakapita. Tumefungwa.

Jumatatu, 11 Machi

Filimbi imekwenda. Niliivua mwenyewe, dukani kwake, mbele za watu. Fundi cherehani hakucheka, na hilo ndilo limeniuma. Angecheka ningekuwa na la kumjibu. Aliifuta kwa kitambaa, akaivaa juu ya futi yake, akasema Chuma anarudi kurusha, vijana wanarudi wote, mazoezi kila jioni, na mimi nikipenda nitapaka rangi ubao wa matokeo. Nikamwambia nitafikiri. Nimekwisha kuupaka.

Kisha akaipuliza, kujaribu. Watu wote wakageuka. Na mimi niligeuka!

Mama watoto kanipakulia chakula kingi kuliko kawaida. Akasema jana, pale kivulini, ndipo alipokumbuka kwa nini alinikubali. Nikamwambia ni jua. Akasema ndiyo, jua. Binti kaleta mkungu wa ndizi kutoka kwa Kombora, mkubwa kama mtu.

Jumatano, 13 Machi

Nimekaa nikajifunza. Kosa langu nimeliona. Ukwe haukukosea. Niliupeleka mahali pasipo pake, basi! Nilikwenda kuutafuta ng'ambo ya reli wakati adui yuko mtaa huuhuu, ana cherehani.

Fundi cherehani ana mtoto wa kiume. Daktari wa meno, kijana mstaarabu, hajaoa. Mimi binti yangu wa mwisho hajaolewa. Wakioana, mimi na fundi tunakuwa wakwe. Na mkwe atamnyimaje mkwewe filimbi? Atanivalisha kwa mikono miwili, na shikamoo juu!

Nimemwambia mama watoto. Kachukua redio, akaongeza sauti.

Haidhuru. Nimekwenda kwa binti mwenyewe. Nimemweleza kwa hekima kwamba aende kuonwa meno, hasa saa za jioni, kukiwa hakuna foleni. Akasema meno yake hayana hata doa. Nikamwambia hakuna kinywa kisicho na ubovu, mtu ni kutafuta. Akanifungulia mdomo wote nihakikishe. Mazima, maskini. Yote.

Nimemnunulia kilo mbili za peremende.