Kasiksi Yangu Imeamkia Mukanisani

Wapendwa wa kundi hii, leo nimepata haya. Tena haya ya mukanisani, mbele ya Yezu na mbele ya Maman Zawadi. (Yezu atasamehe.)

Munajua leo ndio wakwe wa mujukuu wangu Nsimire walikuwa wanakuja kutoka Luvungi. Munajua pia maneno ya Maman Vumilia, mama ya kijana. Alisema kwa telefone, nasikia na masikio yangu: "Kule Bukavu baridi inauaka kasiksi. Musijisumbue, tutakuja na yetu." Wageni kuja kwangu na pombe yao! Mimi, mutoto wa Nabintu, mwenye alikuwa anakamulia mutaa muzima kasiksi! Nikasema, yangu ataikunywa mpaka aombe ingine.

Basi nikakamua ndizi mwenyewe, nikatia unga ya mutama wa kukaranga, nikaweka katika bidon ya litre tano. Kasiksi inataka joto yake tu. Ikipata baridi, inalala, inabaki juisi. Ikipata moto mingi, inachacha, inakwaruza koo. Nsimire aliniletea termometre, akaipaka alama mbili na verni nyekundu ya kucha. "Koko, isishuke hapa, isipite hapa." (Namba sizioni vizuri. Verni naiona.) Nikazungushia bidon chupa za maji ya moto, nikaifunika blanketi. Natumbukiza termometre, kisha napima tena kwa shavu, kama mama alinifundisha.

Asubuhi ya leo, ee! Mvua imenyesha, makala imelowa, mbabula inatoa moshi tu. Termometre iko chini ya verni. Natia sikio kwa bidon: kimya. Imelala fofofo! Nsimire alikuwa ameenda soko ya Nyawera kutafuta samaki. Na mimi misa siwezi kukosa, kwa sababu ni leo walikuwa wanamuombea bwana yangu, marehemu Anselme, jina yake isomwe mbele ya watu. Sasa nani atabaki na bidon?

Nikafikiri. Watoto wangu Mugisho, Furaha, Aksanti, Cikuru, wote walipata joto wapi? Kwa mugongo yangu! Nikafunga bidon na kitenge, nikatupa shali juu. Ukiniona, unasema koko na kitukuu.

Kizibo, kigunzi cha mahindi, nilikiacha kilegee ili kasiksi ipumue. Lakini motard, mwenye kunibeba na pikipiki, alikuwa Janvier, mutoto ya Maman Riziki wa hapa Nyalukemba. Yule jicho haipitwi na kitu.

"Koko, uko na mutoto ao uko na bidon?"

"Unataka pesa ao unataka habari?"

"Basi kaza kizibo. Ikimwaga kwa siège yangu, utaosha."

Nikakaza. Na nguvu yote Mungu alinibakishia. (Ujinga ulianzia hapa.) Barabara yetu munaijua: shimo, jiwe, shimo. Bidon inaruka, na mimi naruka.

Mukanisani nikakaa mustari ya mbele, kwa wenye marehemu. Kumbe pembeni ni Maman Zawadi, mwenye kuuliza yote. Akatupa jicho kwa mugongo yangu.

"Maman Mugisho, mutoto ya nani huyu?"

"Wa Furaha."

(Furaha iko Kindu, na mutoto yake wa mwisho ana ndevu.)

"Anatulia! Hata kulia hapana?"

"Iko analala."

Watu wamejaa, tumebanana, jasho inanitoka. Katikati ya mahubiri nasikia kwa mugongo: kru, kru, kru. Imeamka! Furaha niliyopata, hata sijui Abbé Liévin alihubiri nini. Nikaitikisa kidogo, kama vile unabembeleza mutoto. (Ujinga wa pili.) Kizibo kimekazwa, verni ya juu imepitwa zamani, na termometre yangu imelala nyumbani kwa meza.

Abbé Liévin akasoma: "Tuombee roho ya marehemu Anselme."

Akanyamaza. Kanisa nzima kimya.

PAAA!

Kigunzi kimepita juu ya kichwa yangu, kimeangukia chini ya altare. Povu inanishuka shingoni, mugongoni, mpaka mu viatu. Maman Zawadi amerusha mikono: "Yezu Maria! Mutoto amepasuka!" Kisha akanusa. Akanusa tena. "Bantu ya Mungu! Mutoto iko nanuka kasiksi!"

Kanisa yote ikacheka. Koral ikacheka. Abbé Liévin alijifunika uso na kitabu, mabega yanatetemeka. Alipopata sauti, akasema polepole: "Maman, naona marehemu amejibu."

Mimi nilitaka chini ipasuke. Lakini munisikilize: Anselme maisha yake yote hakukubali mutu aonje kasiksi kabla yake. Hata baba yangu alingojaka.

Nimerudi nyumbani kwa miguu (Janvier amekataa kunibeba, eti nanata). Nimefungua shali: nusu imebaki. Nimetumbukiza termometre: katikati ya verni mbili, sawasawa! Nimeonja. Mungu wangu.

Wageni wamefika. Maman Vumilia ameweka bidon yake nyuma ya mulango, ameonja yangu na murija, kwa heshima tu. Akavuta tena. Akavuta tena. Akaomba ingine. Ile yake haijafunguliwa mpaka saa hii.

"Mama, na baridi hii ya Bukavu, joto ya hivi mulitoa wapi?"

Nsimire ananiangalia. Maman Zawadi naye (alikuja, angekosaje?) amejaza kinywa na kitenge.

"Hiyo ni joto ya familia," nimemujibu. "Nsimire akizaa, nitakuonyesha."

Sasa ninyi wa kundi, nawaomba, musicheke. Mwenye nitasikia amecheka, siku ya ndoa ya Nsimire atakunywa maji. Na munanijua: jina ya mutu mimi sisahau.