Sale Mlangoni kwa Mzee Shirima

Jamani, leo nimeaibika mpaka nimefunga saluni mchana kweupe. Nimejikunyata humu ndani kati ya madraya, nawaandikia ninyi kwa sababu huko nje sina uso wa kutokea.

Mnakumbuka lile tangazo la halmashauri? Katika kila mtaa atachaguliwa mmoja aliyependezesha mbele ya biashara yake kwa rangi na maua, wao wamtandikie pevingi, yale matofali ya kutandaza chini, na kumsimikia taa ya barabarani. Sharti: eneo liwe lako, lisiwe na ugomvi. Hapa kwetu Moshono mvua ikinyesha, mteja anaingia saluni na tope hadi magotini. Kichwani anapendeza, miguu inalia. Hizo pevingi nilizitaka kuliko nilivyomtaka baba Glory. (Asisome hapa.)

Ugomvi ninao, sema kamati yao ya ukaguzi niliificha. Ni kichochoro kati yangu na Mzee Shirima, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo pembeni. Yeye anasema chake, mimi nasema changu. Tangu tukorofishane hata shikamoo nilimnyima. Niliapa mbele za wateja: kumwomba radhi yule mzee, labda nife kwanza!

Basi leo asubuhi, siku ya ukaguzi, natoka na kikombe changu cha chai. Maua niliyoyapanda hakuna! Mbuzi wa Mzee Shirima amesimama barazani kwangu, jani la mwisho linaning'inia mdomoni. Nikapiga yowe. Mbuzi hata hakugeuka.

Na kamati iko njiani. Nifanyeje? Nikakimbilia nyuma ya nyumba kwenye masale, yale majani marefu ya kijani. Nikakata, nikayapanga kwenye ndoo tupu za rangi. Yakapendeza! Hapo ndipo shetani aliponipitia. Nikasema, kwa nini ndoo zisiendelee hadi kichochoroni, kamati ione chote ni changu? Nikapanga, nikapanga, ya mwisho ikakaa mlangoni kwa mzee kabisa. Jani lake lilikuwa linalala, nikalifunga fundo lisimame. (Mchaga mzima, mzaliwa wa Marangu! Akili niliiacha wapi?)

Wageni wakafika, mtendaji wa kata mbele.

"Mama Glory, umejitahidi sana!"

Nikachekelea hadi jino la mwisho.

Mara Mzee Shirima akafungua mlango. Akaiona ndoo. Akaliona fundo. Akavua kofia.

"Mama Glory... umeniletea sale?"

Kwa wasiojua: kwetu, sale lililofungwa fundo likipelekwa mlangoni kwa mtu, maana yake ni nimekosa, nisamehe. Na anayeletewa hakatai, hata kama mlikuwa mnashikiana mapanga.

"Mwanangu, nimelipokea," mzee akasema, machozi yanamlengalenga. "Nilijua ipo siku utakubali kichochoro ni changu. Yameisha!"

Mtendaji akanigeukia. "Mama, si ulituambia kichochoro ni chako?"

Niseme nini mimi? Nikikana, nimemdhihaki mzee wa watu kwa sale, na Marangu nzima itasikia kabla ya jioni. Nikikubali, pevingi kwaheri. Sauti ikatoka yenyewe, nyembamba:

"Shikamoo mzee. Nisamehe."

"Marahaba, mwanangu!"

Akanikumbatia. Kamati ikapiga makofi, wengine wakapiga na picha. Halafu wote wakahamia kwake kukagua. Duka lake lina rangi mpya (anauza rangi, atashindwaje?), kichochoro sasa kina mwenyewe, na kimepambwa. Kwa ndoo zangu! Wamemchagua palepale, mimi nikiwa nimesimama natabasamu kama niliyekodiwa.

Kwa hiyo masika yakija, wateja wangu wataendelea kuogelea kwenye tope, ila wataogelea wakimulikwa na taa ya jirani. Nimechoka jamani. Hata kulia sina nguvu.

Tafadhali msinicheke. Mtaa huu wote, aliyeomba msamaha leo ni mimi peke yangu, na mbuzi yuko hapo dirishani anacheua.